Fahamu Jiji Lako: Mnara wa Saa na Bandari Iliyozaa Kisumu

Ukimwelekeza mgeni anayefika Kisumu kwa mara ya kwanza, huenda ukamwambia, "Ukifika Mnara wa Saa, nipigie simu." Mnara huo uko katikati ya jiji, na wengi wetu hupita kando yake kila siku tukienda kazini, sokoni au kutafuta matatu. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kusimama wakasoma maandishi yake. Wengine hudhani serikali ya kikoloni iliujenga ili kujisifu. Sivyo.

Mnara ulizinduliwa tarehe 19 Agosti 1938 na Gavana wa wakati huo, Sir Robert Brooke-Popham. Waliousimamisha ni ndugu wanne, Mohamed, Alibhai, Hassan na Rahimtulla Kassim, kwa kumbukumbu ya baba yao, Kassim Lakha. Mzee huyo aliwasili pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1871 na akafariki Kampala mwaka 1910. Kwa hivyo gavana alikuja kuzindua tu. Kumbukumbu yenyewe ni ya familia ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi.

Familia kama hizo, pamoja na maafisa na walowezi Wazungu, zilifikaje hapa? Jibu liko bandarini.

Kabla ya reli, eneo hili lilikuwa tayari mahali pa kubadilishana bidhaa. Jina Kisumu huhusishwa na neno la Dholuo "sumo", yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Waluo, Waluhya, Wanandi na Wakisii walikutana hapa wakiwa na nafaka, mifugo, samaki na vyungu. Kwa hivyo Mzungu wa kwanza kufika hakukuta pori tupu. Alikuta watu wenye shughuli zao.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Upimaji wa awali ulikuwa umeilekeza njia hadi Port Victoria, katika Kaunti ya Busia ya leo. Baadaye ikaonekana kwamba Ghuba ya Winam inaingia ndani zaidi upande wa mashariki, hivyo reli ingefika ziwani kwa njia fupi zaidi. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ukingoni mwa maji, zaidi ya kilomita 900 kutoka Mombasa. Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli, anakumbukwa kwa kupigilia msumari wa mwisho. Mahali hapo pakaitwa Port Florence. Jina hilo halikudumu. Jina la wenyeji ndilo lililobaki.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: siku reli ilipofika, Kisumu haikuwa Kenya. Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 1902. Ndiyo maana reli hiyo iliitwa Reli ya Uganda, ingawa leo sehemu yake yote kutoka Mombasa hadi Kisumu iko nchini mwetu.

Reli ilipoishia, meli ilianzia. Meli ya kwanza ya mvuke ya huduma hiyo, SS William Mackinnon, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwa njia ya bahari hadi Mombasa. Wapagazi walibeba vipande hivyo kuvuka bara, vikaunganishwa hapa, na meli ikaanza kazi mwaka 1900, kabla hata ya reli kufika. Baadaye zikaja nyingine kubwa zaidi. Mwaka 1907 Winston Churchill alishuka garimoshi Kisumu, akapanda SS Clement Hill kwenda Entebbe. Kwa karibu miaka 30, abiria na mizigo kati ya Mombasa na Uganda vilipitia bandari yetu. Njia hiyo ilipungua umuhimu mwaka 1931, reli ya kupitia Eldoret na Jinja ilipofika Kampala.

Sasa tujiulize: ni majina ya nani yamehifadhiwa? Tunalijua jina la Florence, la Mackinnon na la Kassim Lakha. Lakini vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, na takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Wapagazi Waafrika waliobeba meli mabegani, na wenyeji waliopoteza ardhi ili mji ujengwe, hawana mnara wala kibao.

Hatusemi haya ili kuudharau Mnara wa Saa. Ni mali ya wakazi wote wa Kisumu na unastahili kutunzwa. Tusibandike matangazo kwenye kuta zake, wala tusitupe taka chini yake. Mzazi, siku ukipita hapo na mtoto, simama dakika mbili mkasome maandishi pamoja. Kisha mpeleke bandarini umwonyeshe reli ilipoishia. Mkipata nafasi, tembeleeni pia Makumbusho ya Kisumu muone boma la Kiluo lilivyokuwa.

Kuna kazi nyingine ambayo ni wewe tu unayeweza kuifanya. Kama babu au nyanya yako aliwahi kufanya kazi relini, bandarini au melini, muulize sasa, uandike jina lake, kazi aliyofanya na mwaka. Picha za zamani ziandikwe nyuma majina ya waliomo. Jina la Kassim Lakha tunalijua leo kwa sababu wanawe walihakikisha limeandikwa. Wazee wetu nao wanahitaji mtu wa kuwaandikia.