Mafundisho ya Nyumbani kwa Watoto Wasiofika Umri wa Shule

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za watoto wadogo, wale wa miaka 2 hata 6. Wazazi wengi hudhani ya kuwa mtoto wa umri huo hana ajifunzalo, ila kula, kulala na kucheza, mpaka siku atakapotiwa mikononi mwa mwalimu. Wengine, kwa kutaka sifa, humkalisha kitako na kumkazia kitabu, na akikosea herufi hupigwa kofi. Njia zote mbili zina hasara. Mtoto wa kwanza aingia shule na maneno machache na mikono isiyozoea kazi; wa pili aingia akiwa amekwisha kukichukia kitabu.

Watu wenye hekima wameliangalia jambo hili zamani. Friedrich Froebel, Mjerumani, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1782, alianza kazi ya watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg mwaka 1837. Baadaye akaipa kazi hiyo jina lenye maana ya bustani ya watoto. Aliwapa mipira ya sufu yenye rangi mbalimbali, na vipande vya mti vya kujengea, ili wajifunze kwa kucheza. Serikali ya Prussia ilizikataza bustani hizo mwaka 1851, naye akafa mwaka uliofuata. Lakini mwaka 1860 katazo likaondolewa, na kazi yake ikaenea duniani. Kisha Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Aliona ya kuwa watoto wadogo hupenda kazi za kweli, kama kufagia, kumimina maji na kufunga vifungo, kuliko vitu vya kuchezea. Tena aliwafanyia herufi za karatasi ya msasa, wazifuate kwa kidole kabla ya kushika kalamu.

Hatuwataji hao ili mkanunue vyombo vya fedha nyingi. Twawataja kwa kuwa karibu kila chombo chao kina mwenziwe katika nyua zetu.

Tuanze na ungo. Mama achaguapo kunde, amwekee mtoto kando yake mchanganyiko wa mahindi, kunde na choroko, amwambie azitenge kila namna mahali pake. Kazi hii hufundisha macho kupambanua na vidole kushika kitu kidogo, na vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Vivyo hivyo udongo wa mfinyanzi: mwacheni afinyange ng'ombe na vyungu, maana mikono yapata nguvu.

Katika hesabu, msidanganyike na mtoto asemaye moja hata ishirini kwa haraka kama kasuku. Kuhesabu kwa kinywa si kuhesabu kwa akili. Mwambieni aguse kokoto moja kwa kila neno moja, asiruke wala asirudie. Wakati wa chakula mwulizeni, “Tu wangapi leo?” kisha mtumeni alete sahani zitoshazo. Ikipungua moja, msimkemee. Mwulizeni ni nani asiye na sahani, naye ataona mwenyewe. Tena mpeni kifuu na ndoo, ajaribu ni vifuu vingapi vya maji vitajaza ndoo. Huo ndio mwanzo wa vipimo.

Kwa habari ya kusoma, lugha yetu imetupa msaada mkubwa. Sauti zake za a, e, i, o, u husomwa namna moja kila mahali, na maneno hukatika vizuri: ma-ma, ku-ku, ki-ka-pu. Mpige makofi pamoja naye, kofi moja kwa kila kipande cha neno. Akizoea, mwulizeni ni neno gani jingine lianzalo kama “kuku”. Hapo sikio lafunguka kabla ya jicho. Kisha laini mchanga au jivu lililopoa, mwandikie herufi ya kwanza ya jina lake, naye aifuate kwa kidole. Akichoka, mwacheni. Robo saa yatosha kwa siku, na ni heri aondoke angali akitaka kuendelea.

Kuhusu kumbukumbu, mpeni ujumbe wa mambo mawili: “Kamwamkie babu, kisha uniletee kata.” Akiweza mawili, jaribuni matatu. Jioni mwulizeni aeleze aliyoyaona sokoni au njiani, nanyi msikilize mpaka mwisho, msimkatize. Mtoto asiyesikilizwa hujifunza kunyamaza.

Sasa lipo jambo ambalo twaona lazima kulisema wazi. Baadhi ya ndugu, tangu kubatizwa, wamekataza nyumbani mwao vitendawili na hadithi za sungura na fisi, wakidhani ni mambo ya giza. Twasema kwa upendo, sivyo. Yaliyo ya uchawi na yatupwe. Lakini katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 14, Samsoni aliwategea watu kitendawili arusini. Na Bwana wetu mwenyewe alifundisha makutano kwa mifano ya mpanzi, chachu na wavu. Bibi akitega, “Nyumba yangu haina mlango,” na mtoto akafikiri hata akajibu, “Yai,” amefanya kazi ya akili isiyopungua ile ya darasani. Tukimnyima mtoto masimulizi ya bibi yake tusimpe kitu badala yake, hatukumtakasa, tumemfukarisha tu. Zisimulieni hadithi hizo, kisha msimulieni pia habari za Yusufu, Daudi na Ruthu kwa njia ile ile.

Na lugha ya kuzungumzia iwe ile mnayoijua sana, ikiwa Kiswahili au lugha ya kwenu. Mzazi aiachaye lugha yake na kumsemesha mtoto kwa maneno machache ya kigeni ampa mtoto maneno machache tu. Mwenye maneno mengi katika lugha ya mama yake atapata urahisi wa kujifunza lugha ya pili.

Nanyi akina baba, msiseme hii ni kazi ya wanawake. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, yawaagiza wazazi kuwafundisha watoto wakiwa wamekaa nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Ukitengeneza jembe, mpe mwanao misumari aihesabu mbele yako, kisha akurudishie yote. Ukienda shamba, mtajie majina ya miti na ndege.

Lakini angalieni hatari. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani, na mbegu au ushanga waweza kumkaba koo, hata kumwua. Wengine huzitia puani au masikioni. Huyo apewe vitu vikubwa visivyoingia kinywani, wala asiachwe peke yake. Ndoo ya maji, jiko la moto na visu havihitaji muda mrefu kuleta msiba.

Timotheo hakuanza kufundishwa na Mtume Paulo. Kabla yake walikuwapo Loisi, bibi yake, na Eunike, mama yake, na maandiko aliyajua tangu utoto. Wahenga nao walisema, samaki mkunje angali mbichi. Basi anzeni juma hili kwa jambo moja tu katika haya tuliyoyaandika, na mkiliona limezoeleka, ongezeni la pili. Mungu azibariki nyumba zenu na watoto aliowapa.