Riwaya za Wanawake na Buti la Askari

Njia panda ya Sonatubes, hapa Kigali, imepata jina lake kwa kiwanda cha mabomba kilichojengwa kando yake. Njia moja yaelekea katikati ya mji, ya pili Remera, na ya tatu yapita Kicukiro na Nyanza, ikavuka mto Nyabarongo hadi Bugesera. Tarehe 11 Aprili 1994, wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ETO, na watu zaidi ya 2,000 waliojihifadhi humo wakajaribu kuufikia uwanja wa Amahoro. Hapo Sonatubes walizuiwa na wanajeshi wa Serikali ya wakati ule, wakaswagwa kwa miguu hadi Nyanza, wakauawa.

Habari hiyo imekwisha kuandikwa na wanahistoria na kuthibitishwa na mahakama. Lakini je, raia alianza lini kumwogopa askari wa nchi yake? Kwa swali hilo twapendekeza askari wenzetu wasome vitabu vya mwanamke aliyekulia mwisho wa njia hiyo ya tatu.

Scholastique Mukasonga alizaliwa mwaka 1956 katika mkoa wa Gikongoro. Mwaka 1960 jamaa yake, pamoja na Watutsi wengine wengi, walihamishwa kwa nguvu hadi Nyamata, yapata kilomita 30 kutoka Kigali, katika nchi ya mbung'o na ukame. Mwaka 1973, wanafunzi Watutsi walipofukuzwa mashuleni, wazazi wake walimchagua yeye na kaka yake wakimbilie Burundi, kwa kuwa walikuwa wamesoma. Waliobaki Nyamata waliangamia mwaka 1994.

Katika kitabu chake La femme aux pieds nus, yaani mwanamke mwenye miguu mitupu, kilichotoka mwaka 2008, Mukasonga anamweleza mama yake, Stefania. Mama huyo analima mtama, anapanga ndoa za vijana, na kila siku anafikiri watoto watajificha wapi wanajeshi wa kambi ya Gako wakija. Ndugu msomaji, Gako ndipo kilipo leo chuo chetu cha maofisa. Aliyefunzwa hapo gwaride na shabaha hana budi kujua jinsi jina hilo lilivyosikika jikoni kwa Stefania. Sisi hatuoni aibu kulisema jambo hili katika ukurasa unaosomwa na watu wenye silaha. Mwenye bunduki ndiye wa kwanza kupaswa kulisikia.

Riwaya yake mashuhuri, Notre-Dame du Nil, ilitoka mwaka 2012 ikapata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa. Imewekwa katika shule ya bweni ya wasichana, juu milimani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Grégoire Kayibanda. Watutsi walipewa nafasi kumi kwa mia tu. Katika darasa la wasichana 20 wapo wawili, Virginia na Veronica. Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama kinachotawala, anakasirishwa na pua ya sanamu ya Bikira Maria, akidai ni pua ya Kitutsi, na anakwenda kuibadili. Sanamu inavunjika, naye anasingizia kwamba ameshambuliwa na adui. Kutokana na uongo huo wa bweni, wakubwa wanapata sababu ya kuwasaka watu. Tumesoma vitabu vingi vya usalama, lakini ni vichache vinavyoonyesha wazi kiasi hiki jinsi taarifa ya uongo inavyopandishwa cheo ngazi kwa ngazi hadi ikawa amri.

Jirani yetu Uganda anaye Goretti Kyomuhendo, mzaliwa wa Hoima na mmoja wa waasisi wa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake. Riwaya yake Waiting, ya mwaka 2007, inasimuliwa na msichana Alinda, mwaka 1979, wakati wanajeshi wa Idi Amin wakikimbia kuelekea kaskazini huku wakipora. Jamaa yake wanalala nje, shambani, na mama yake ni mjamzito. Idi Amin mwenyewe haonekani. Twadhani mtunzi alifanya vyema: wananchi wengi hawakupata kumwona dikteta kwa macho, walimwona koplo wake.

Lugha yetu hii nayo ina sehemu katika habari hiyo. Katika Uganda ya miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na raia wengi walikijua kama lugha ya amri na ya kuporwa. Wanajeshi wa Tanzania, walioingia Kampala mwezi Aprili 1979 pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, walizungumza Kiswahili hicho hicho. Raia aliyeitwa gizani mlangoni pake hakuweza kujua, kwa maneno peke yake, ni jeshi lipi lililofika.