Kisu Kizuri kwa Bei Nafuu: Nilichojifunza kwa Mhunzi wa Kianyaga

Idi ya kuchinja ya mwaka juzi nilipata aibu. Nilikuwa na kisu kipya, king'aavu, mpini wa plastiki nyekundu, nimekinunua kwa mchuuzi shilingi 150. Kilipofika shingoni mwa mbuzi kikateleza. Ami yangu alininyang'anya, akatoa kisu chake cha miaka na miaka, akamaliza kazi kwa mkato mmoja. Hakunisema kitu, na hilo ndilo lililoniuma. Mnyama hakustahili kuteswa kwa sababu ya ubahili wangu.

Tena ubahili wenyewe ulikuwa wa hasara, maana kile kilikuwa kisu cha tatu mwaka ule.

Ualimu ndio ulionifikisha Kianyaga, kaunti ya Kirinyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko watu wana chai, kahawa na ng'ombe wa maziwa, na majani ya ng'ombe hukatwa kila siku kwa panga, kwa hivyo chuma kibovu hujulikana upesi. Uhunzi nao ni wa jadi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, ameeleza jinsi Wakikuyu walivyokuwa wakipata chuma kutokana na mchanga wa mitoni.

Siku hizi mchanga hauna kazi tena. Mzee mmoja wa jua kali niliyemzoea hutumia springi za magari makuukuu. Nilipomwuliza bei ya kisu, alinijibu, "Mwalimu, uliza kwanza hiki chuma kilikuwa nini."

Hapo ndipo penye siri. Springi hubeba uzito wa lori miaka mingi bila kuvunjika kwa sababu ni chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha, na kaboni ndiyo inayokifanya chuma kikubali kuwa kigumu. Kisu kilichokatwa kwenye bati laini, hata ukinoe mchana kutwa, makali hayakai. Vile vidogo vya jikoni mzee huvitoa kwenye misumeno mikuukuu ya kukatia chuma.

Lakini chuma kizuri peke yake hakitoshi. Hukitia motoni mpaka kiwe chekundu, akakichovya ndani ya oili. Kikitoka hapo ni kigumu lakini chepesi kuvunjika kama glasi. Basi hukipasha tena moto mdogo, mpaka kipate rangi ya majani makavu, ndipo kiwe kigumu na kivumilivu kwa pamoja. Fundi anayeiruka hatua hii atakuuzia kisu kitakachomeguka kwenye mfupa wa kwanza.

Ukienda kununua, popote pale, chukua tupa uipitishe kidogo ukingoni. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikikwangua kwa urahisi, kirudishe. Angalia pia mkia wa chuma umeingia mpaka wapi ndani ya mpini. Vile vya plastiki mara nyingi huwa na mkia mfupi, ndiyo maana mpini hukubakia mkononi. Kung'aa usikutazame sana: chuma kisichoshika kutu kina kromiamu, na kipo kizuri na kibaya.

Mimi nililipa shilingi 400 kwa kisu cha springi, mpini wa mti uliopigwa misumari mitatu. Dukani cha ubora ule ningetoa zaidi ya elfu moja.

Sasa wenzangu wa Pwani, tahadhari. Kisu hiki kinashika kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Ndimu, ukwaju na embe bichi hukitia weusi. Ukishaparua samaki, kioshe, kikaushe papo hapo, ukipake mafuta ya nazi kidogo. Usikilaze kwenye karai la vyombo mpaka asubuhi. Kama huna kinoo, pindua kikombe cha udongo, unoe kwenye ule mzingo wa kitako usiopakwa rangi. Kinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Safarini kifunge kwa boksi, ukitie kwenye mzigo wa buti la basi, wala usikae nacho kitini.

Idi iliyopita nilikwenda nacho nyumbani. Ami alikigeuza geuza, akajaribu makali kwa ukucha, akaniomba nimwazime. Mpaka leo hajakirudisha.