Wenyeji wa Antibes Waliotoka New York

Mei 1921 Rais Warren Harding wa Marekani alitia saini sheria iliyoweka kikomo cha wahamiaji ambao kila taifa lingeruhusiwa kuingiza nchini mwake kwa mwaka. Mwezi uliofuata wanandoa Gerald na Sara Murphy walipanda meli New York, wao na watoto wao watatu, mkubwa akiwa hajatimiza miaka minne, wakavuka bahari kuelekea Ulaya. Upande huo wa bahari wao hawakuwekewa kikomo. Waliishi Ufaransa kwa sehemu kubwa ya mwongo huo, wakapanga, wakanunua, wakajenga na kukaribisha, na waandishi waliowasimulia hawajapata kuwaweka fungu moja na wahamiaji.

Walichokuwa wakitafuta, kwa kiasi kikubwa, ni kuwa mbali na wazazi. Baba yake Gerald alimiliki kampuni ya bidhaa za ngozi ya Mark Cross na alitaka mwanawe arithi kiti. Baba yake Sara alitajirikia kwenye wino wa kuchapia, na mama yake alikuwa amewazungusha mabinti zake Ulaya kwa miaka, hadi mbele ya mfalme wa Uingereza. Sara alimzidi Gerald zaidi ya miaka minne na familia yake haikuona kwa nini binti wa hadhi yake aolewe na mtoto wa muuza mikoba. Ongeza marufuku ya pombe iliyoanza Marekani Januari 1920, na safari inajieleza yenyewe.

Pesa zao, kwa kipimo cha matajiri wa New York, hazikuwa za kutisha. Tofauti ilitokana na sarafu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia dola moja ilileta faranga tano hivi. Mwaka 1921 ilikuwa inaleta zaidi ya 12. Julai 1926, faranga ilipofika chini kabisa, dola ilikaribia 50. Mkazi wa Malindi au Diani hahitaji kuelezwa hesabu hii, maana ameiona ikinyanyua kuta ufukweni. Kila sifa ambayo vitabu huwapa akina Murphy, yaani ladha, ukarimu, moyo mwepesi, inafaa isomwe huku bei ya faranga ikiwa mkononi. Si kwamba sifa hizo ni za uongo. Ladha walikuwa nayo kweli, ila wenye ladha walikuwa wengi, na wengi wao walibaki Ohio.

Huko Paris Gerald aliona picha za Picasso, Braque na Juan Gris dirishani na ukutani, akaamua hapo hapo kuwa mchoraji. Watu wengi huamua hivyo likizoni. Yeye alienda kwa Natalia Goncharova, mchoraji wa Kirusi, akajifunza, na yeye na Sara wakajitolea kupaka rangi mandhari za jukwaani za kundi la baleti la Sergei Diaghilev. Huko ndiko walikofahamiana na karibu kila mtu. Mlango wa jamii ya wasanii waliuingilia na brashi mkononi, bila mshahara, jambo linalowezekana kwa asiyehitaji mshahara. Oktoba 1923 Gerald mwenyewe alitunga kisa na mandhari ya baleti fupi iitwayo Within the Quota, muziki ukiwa wa rafiki yake wa chuo, Cole Porter. Kisa chenyewe kilimhusu Msweden anayehamia Marekani na kuruhusiwa kuingia kwa sababu yumo ndani ya kikomo kile. Kichekesho hicho cha nchi inayohesabu wageni wake kilichezwa Paris, na mtungaji wake ni Mmarekani ambaye Paris haikuwa imemhesabu.

Sherehe yao inayosimuliwa kuliko zote ilifanyika Jumapili, 17 Juni 1923, siku chache baada ya onyesho la kwanza la baleti ya Les Noces ya mtunzi Igor Stravinsky. Kwanza walitaka ukumbi wa sarakasi wa Cirque Médrano. Meneja akakataa, akisema sarakasi yake bado haijawa koloni la Marekani. Meneja huyo haonekani tena kwenye masimulizi, ingawa usiku ule hakuna aliyesema neno la maana kuliko lake. Wakapata tishari lililotia nanga mtoni Seine mbele ya Bunge la Ufaransa, ambalo siku za kawaida lilikuwa mgahawa wa wabunge.

Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, maua mabichi hayakupatikana. Sara akaenda kwenye maduka ya bei nafuu ya Montparnasse akanunua mifuko ya vitu vya kuchezea: magari ya zimamoto, wanasesere, wanyama, akavirundika katikati ya meza ndefu. Picasso alipofika alisahau watu. Alivichukua akavipanga upya, akajenga mnara ambao kileleni mwake ng'ombe alikaa juu ya ngazi ya zimamoto. Stravinsky alipitia vibao vya majina mezani akabadilisha nani akae na nani. Mshairi Jean Cocteau, aliyeogopa kichefuchefu hata kwenye chombo kilichofungwa, alichelewa kuja. Baadaye akavaa sare ya nahodha na kuzunguka na taa akitangaza kwamba wanazama. Alfajiri ilipokaribia, watu wawili walishika shada kubwa la majani lililokuwa limening'inizwa darini, Stravinsky akakimbia kutoka mwisho wa ukumbi na kuruka katikati yake.

Ukiondoa majina makubwa, kinachobaki ni kazi: nani alikodi, nani alisafisha, nani alijua kwamba mtunzi na mchoraji wenye majivuno hawafai kuachwa bila kitu cha kushughulisha mikono. Sara alijua. Huo ni ustadi, na hauonyeshwi kwenye makumbusho yoyote.

Majira hayo hayo ya joto walihamia kusini mwa Ufaransa. Pwani ya Antibes ilikuwa ya matajiri wa majira ya baridi. Kiangazi kilipokaribia hoteli zilifungwa. Akina Murphy walimshawishi mwenye Hôtel du Cap abakize sehemu wazi na wafanyakazi wachache, na Picasso akaja na mkewe, mtoto wake na mama yake mzazi. Kila asubuhi Gerald alishika reki na kukokota mwani kwenye kipande cha ufukwe wa La Garoupe, uliokuwa umefunikwa na tabaka nene, hadi mchanga ukaonekana. Baadaye walinunua nyumba ya jirani, wakaiezua na kuipa paa tambarare la kuotea jua, wakaiita Villa America, wakahamia 1925. Dunia nzima sasa hulala ufukweni Julai na kuungua mgongo, kwa hiyo ni vigumu kukumbuka kwamba kulikuwa na wakati jambo hilo lilihitaji mtu wa kulianzisha.

Wageni walifuatana: waandishi Hemingway, Dos Passos, MacLeish na Dorothy Parker, na mchoraji Léger. Mtoto wa Hemingway akapata kifaduro na ikabidi watengwe kwenye nyumba nyingine. Mwandishi Scott Fitzgerald alirusha tini kwenye mgongo wazi wa binti wa kifalme, akavunja bilauri za Venice kwa kuzitupa nje ya ukuta wa bustani, akapigwa marufuku wiki tatu. Aliitumikia adhabu na kurudi kwa siku yake, kama mtu aliyemaliza kifungo. Mpishi, yaya, dereva na mtunza bustani, watu waliofanya hayo yote yawezekane, huonekana kwenye masimulizi wanapobeba kitu tu.

Oktoba 1929 daktari alisema mtoto wao mdogo, Patrick, ana kifua kikuu. Tangu hapo safari zao Ulaya zilifuata kifua cha mtoto. Walihamia Montana-Vermala, milimani Uswisi, penye hewa kavu, na hata huko walifungua baa kijijini na kuleta bendi kutoka Munich. Wengine wameona katika baa hiyo ushujaa. Mimi naona watu wawili ambao kukaribisha ndiyo kazi pekee waliyoijua vizuri, wakiendelea kwenda kazini. Gerald hakuchora tena. Kaka wa Patrick, Baoth, aliyekuwa mzima, alifariki 1935 kwa homa ya uti wa mgongo baada ya surua. Patrick akamfuata Januari 1937. Wakati huo walikuwa wamerudi Marekani, na Gerald alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha Mark Cross alichokikimbia.

Wageni wao waliandika. Fitzgerald aliwageuza kuwa Dick na Nicole Diver katika riwaya ya Tender Is the Night, 1934, akachanganya ndani yake ulevi wake mwenyewe na ugonjwa wa mkewe, kisha akawatunukia kitabu. Sara hakukipenda. Hemingway, alipoachana na mkewe wa kwanza 1926, aliazimwa studio ya Gerald Paris akaishi humo, na Gerald akamwekea dola 400 benki. Katika kumbukumbu zake za Paris, zilizotoka 1964 yeye akiwa ameshafariki, matajiri waliompenda ndio wanaobebeshwa lawama za ndoa ile kuvunjika. Majina hayakutajwa. Dola 400 nazo hazimo.