Kufuli la Tanki Namba 912

Kufuli dogo, la kiasi cha kufungia sanduku la nguo, ndilo lililokosekana juu ya tanki namba 912. Tanki hilo lilikuwa katika ghala la mafuta la Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead nchini Uingereza. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 11 Desemba 2005, petroli ilikuwa ikiingia humo tangu saa moja jioni. Yapata saa tisa usiku kipimo kikaganda. Kwenye skrini ya chumba cha zamu kina hakikupanda tena, ilhali ndani ya tanki petroli ilizidi kupanda. Kipimo hicho kilikuwa kimekwishaganda mara 14 tangu mwisho wa Agosti. Ubovu wake ulikuwa umezoeleka.

Wahandisi walikuwa wameweka kinga ya pili: swichi isiyotegemea kipimo, ambayo mafuta yakiifikia hupiga kengele na kukata mtiririko. Swichi ilikuwapo. Lakini mkono wake wa kufanyia majaribio ulipaswa kushikiliwa na kufuli ili swichi ifanye kazi, na waliohusika walidhani kufuli hilo ni la kuzuia watu kuichezea tu. Halikufungwa. Alfajiri tanki likafurika, zaidi ya lita 250,000 zikamwagika, mvuke ukatanda chini kama ukungu, na saa kumi na mbili na dakika moja ukalipuka. Watu 43 waliumia. Namshukuru Mungu kila nikumbukapo kwamba hakufa mtu. Ingekuwa Jumatatu asubuhi, ofisi za jirani zingekuwa zimejaa.

Sheria ililitaka ghala hilo liwe na mpango wa dharura, na mpango ulikuwapo. Lakini mpango ni karatasi, na kinachoniuma zaidi ni habari ya kuta. Matangi yalizungushiwa kuta za zege ili mafuta yakimwagika yabaki humo. Kwenye mchoro, ukuta ni mstari usiokatika. Ukuta wenyewe ulikuwa na maungio kati ya zege na zege, na matundu yaliyoachwa na vyuma vilivyoshikilia mbao siku ya kumimina. Moto ulipowaka kwa siku kadhaa, vizibo vya maungio na matundu hayo vikaachia. Mafuta, maji ya zimamoto na povu vikapenya, na nje ya ukuta hapakuwa na cha kuvizuia ila mifereji iliyojengwa kwa ajili ya mvua. Vikazama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi.

Afrika Mashariki nasi tunaujua mfereji wa mvua. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kituo cha bomba jijini Nairobi yaliingia mtaroni yakafika Mukuru Sinai, kwenye nyumba za mabati zilizobanana kando ya mtaro. Watu wakatoka na ndoo na madumu kuyateka. Moto ukaua zaidi ya watu 100. Kwa mpango unaoishia kwenye uzio, watu wale hawapo kabisa.

Ndiyo maana siridhiki na mpango uliokaa kwenye faili, hata uwe umegongwa mihuri yote. Ukuta ujazwe maji, mtu akae autazame unavuja wapi. Mtaro ufuatwe kwa miguu mpaka unakoishia, na wanaoishi huko waambiwe. Tena kuna vali ya kutolea maji ya mvua yaliyotuama ndani ya ukuta: hufunguliwa baada ya mvua, na ikisahauliwa wazi, ukuta wote umejengwa bure. Fundi aliyezunguka ghala baada ya mvua ya masika anaijua hofu hiyo kuliko mshauri aliyeuandika mpango.

Rasi ya Chongoleani, Tanga, ndiko mwisho wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na ndiko matangi ya mafuta ghafi yalikopangiwa kujengwa, karibu na mikoko na wavuvi. Natamani mazoezi ya dharura pale yafanywe saa tisa usiku, maji yakipwa, wavuvi wakiwa na ngalawa zao majini, na kijana wa zamu aulizwe ghafla: vali ya mtaro iko wapi, na ufunguo wake anao nani?