Mwachie Bwana Hukumu

Somo: Warumi 12:17–21

 

Labda ulimkopesha mtu magunia ya mahindi kwa kuaminiana. Akavuka mpaka, akauza, asirudi. Mwaka umepita. Kila ulisikiapo jina lake moyo unawaka, na hata sala inakukwama kooni. Moto huo ndio uchungu. Naye anayeungua ni nani? Si yeye, ni wewe. Sisi watu wa mpakani tumeijua bodaboda tangu ilipokuwa baiskeli. Mwenye uchungu amempakia adui yake nyuma, mchana na usiku. Anayekanyaga na kutoka jasho ni yeye. Adui amekaa tu.

Lakini pengine unasema, "Mhubiri, mahindi ni jambo dogo. Mimi niliuliwa mtu wangu." Ndugu yangu, sitalifanya jepesi neno hilo. Sikiliza habari ya jirani zetu.

Tarehe 16 Februari 1977, mjini Kampala, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Pamoja naye waliuawa mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na huyu wa pili alikuwa mwenyeji wa Tororo, ng'ambo tu ya Malaba. Serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Watu wengi walikimbia nchi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alivuka milima kwa miguu, akaingia Rwanda.

Mtumishi huyu alikuwa amehubiri upendo miaka mingi. Hata hivyo aliona kwamba moyo wake umejaa chuki juu ya Amin. Ijumaa Kuu ya mwaka uo huo, akiwa kanisani London, alimtafakari Bwana msalabani, jinsi alivyowaombea wale waliomsulubisha. Hapo akatubu. Alimwomba Mungu amsamehe chuki ile, tena ampe neema ya kumsamehe Amin. Ndipo akaandika kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Ninampenda Idi Amin".

Je, alisema kwamba uovu si uovu? Hasha! Kusamehe si kuficha. Tarehe 10 Februari, siku sita kabla ya kifo cha Luwum, maaskofu wa Uganda walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kulalamikia maovu yaliyotendwa nchini. Vivyo hivyo nawe, ukidhulumiwa, nenda kwa chifu, nenda mahakamani. Warumi 13 yatufundisha kwamba mamlaka imewekwa na Mungu kuzuia uovu. Nenda, lakini usiende na sumu moyoni.

Na hukumu je? Amin aliondolewa madarakani mwaka 1979, akafa Saudi Arabia mwaka 2003. Hakuna mahakama iliyomhukumu. Yako machozi ambayo mahakama za dunia hazitayafuta kamwe. Hapa ndipo imani yetu inapojaribiwa. Kama hakuna Hakimu juu yetu, basi kila mtu na achukue panga lake. Lakini Paulo asema kwamba kisasi si kazi yetu, ni ya Mungu. Tena 2 Wakorintho 5:10 yatuonya kwamba sote tutasimama mbele ya Kristo tuhukumiwe. Kesi yako haikupotea. Nami pia nitasimama pale, nikiwa mdeni niliyesamehewa mengi.

Basi tufanyeje? Usiku wa leo piga magoti, ulitaje jina la mtu yule. Mwambie Bwana yote aliyokutenda, usipunguze neno. Kisha sema, "Bwana, hesabu hii nakukabidhi wewe." Uchungu ukirudi kesho, usikate tamaa, mkabidhi tena. Mshushe mtu huyo baiskelini, umwache mikononi mwa Hakimu wa haki, nawe uende nyumbani ukiwa mwepesi.

Mungu wa amani awe nanyi nyote. Amina.