LINDA MOYO WAKO, NDUGU MFANYAKAZI

Wapo wafanyakazi wanaodhani kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ni ugonjwa wa matajiri. Zamani dhana hiyo ilikuwa na msingi. Dakta Hugh Trowell alifika Afrika Mashariki mwaka 1929, akafanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Magonjwa mengine ya moyo aliyaona, lakini moyo kushikwa ghafla kwa sababu mishipa yake imezibwa na mafuta lilikuwa jambo adimu sana kwa Waafrika. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za mgonjwa mmoja tu wa namna hiyo, na madaktari wakaistaajabia.

Leo hakuna wa kustaajabu. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima wanne wa Uganda, mmoja ana shinikizo la juu la damu, na walio wengi hawakujua kwamba wanalo. Maisha yamebadilika: tunakaa sana, tunatembea kidogo, tunakula mafuta na chumvi kupita kiasi.

Kazi yenyewe nayo ina sehemu yake. Mwaka 1953 Dakta Jerry Morris wa Uingereza alitangaza uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva, ingawa walifanya kazi katika basi moja. Dereva wa teksi, karani, fundi cherehani na mlinzi wa langoni wa Kampala wayatie maanani maneno haya.

Basi tufanye nini?

Kwanza, chakula. Matoke, viazi vitamu, maharage, dodo na nakati ni vyakula bora. Tusiviharibu kwa mafuta mengi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate. Roleksi si sumu, lakini kuila kila asubuhi na kuisindikiza kwa soda ni kujitafutia maradhi.

Pili, mwendo. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila juma. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, uache bodaboda safari fupi. Mji wetu una vilima vya kutosha, na kuvipanda hakuna nauli.

Tatu, tumbaku na pombe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 imekataza kuvuta sigara mahali pa kazi. Anayeacha sigara hupunguza hatari kwa kiasi cha nusu katika mwaka mmoja. Waragi nao hupandisha shinikizo la damu.

Nne, pima presha kila mwaka hata kama huumwi. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, muone mganga. Ukipewa dawa usiziache kwa sababu tu umejisikia nafuu.

Na jambo hili lisisahauliwe: kifua kikibana, maumivu yakaenea mkononi au tayani, jasho likatoka na pumzi ikakatika, nenda hospitali mara moja. Usingoje zamu iishe. Msimamizi asiyemruhusu mtu kuondoka katika hali hiyo anacheza na roho yake.

Lakini haifai kumwachia mfanyakazi mzigo huu peke yake. Anayefanya kazi saa 12 kila siku atatembea saa ngapi, na atapika saa ngapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka saa 48 kwa juma kuwa kiwango cha kawaida. Kudai kiwango hicho kifuatwe ni kuulinda moyo pia.

Kwa hiyo, ndugu, katika mkutano ujao wa tawi lako toa mambo matatu yaandikwe katika ajenda: saa za kazi, muda wa kutosha wa chakula cha mchana, na siku moja kila mwaka ya kupima presha mahali pa kazi kwa gharama ya mwajiri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.